Madirisha Yasiyofunguka

Bi Kokab wa Andimeshk akikasirika, mtaa mzima wa reli hupata habari. Muuza mikate humpa mkate wake bila foleni, na wala si heshima hiyo, ni kutafuta usalama. Wapo wanaosema ana ulimi mchafu. Sisi majirani zake tunasema ana ulimi, basi, na wengine wameumeza wao. Siku ile treni ilipomfia jangwani alikuwa na haki ya kukasirika mpaka mishipa imtoke shingoni, na asiyekubali hilo aje tuzungumze.

Amezaliwa hapa kwetu, kusini-magharibi mwa Iran, katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa mgeuza njia za treni, na mpaka leo usingizi usio na honi haumjii. Akaolewa na Yadollah, mhudumu wa behewa katika treni ya watu wa ziara iendayo Mashhad. Kazi ya Yadollah ilikuwa kutandika vitanda, kuchemsha chai na kuokota viatu vya watoto vilivyosahauliwa, lakini hasa ilikuwa kuwaita watu swala. Treni iliposimama kwenye stesheni ya swala, alipita ujiani akigonga milango ya vyumba kwa ufunguo wake wa pembe nne, ule unaofungua milango ya mabehewa yote. "Swala jamani, swala. Viatu mguuni, watoto mkononi. Msikimbie, treni itangoja." Na ilikuwa ikingoja kweli. Kwetu hakuna dereva wa kuondoa treni watu wakiwa kwenye sijda.

Aliyezuru Mashhad kwetu huitwa Mashdi, na Yadollah aliitwa hivyo tangu ujana, jambo lililomchekesha. Maana treni ilikuwa ikifika, abiria wanashuka kwenda kulia kwenye kaburi la Imamu, yeye anabaki kubadilisha mashuka mpaka saa ya kurudi. Kuba la dhahabu aliliona kwa mbali akimwaga maji machafu. "Mashdi gani mimi," alikuwa akimwambia mkewe. "Nikistaafu tutakwenda wawili, Kokab. Mimi nitakaa kama bwana, mtu mwingine aniletee chai."

Akastaafu. Kwanza magoti yakagoma, kisha moyo ukalegea, kisha akili ikaanza kuvuja taratibu. Alisahau duka la mwanawe liko mtaa gani, baadaye akamsahau mwana mwenyewe. Alfajiri nyingine aliamka akagonga milango ya nyumba kwa ufunguo ule ule, ambao alikataa katakata kuurudisha kazini, akiwaita wajukuu washuke swala. Kokab alikuwa akimshika mkono na kumrudisha. "Kaa chini, Mashdi. Leo wewe ni abiria." Dawa yake ilikuwa hiyo tu, na haikushindwa hata mara moja, mzee alitabasamu akakaa.

Lakini Kokab, mzee alikuwa bado akimjua. Kila jioni alimwita kwa jina lake, na kila jioni Kokab alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu aliona foleni ya waliosahauliwa inasogea na zamu yake inakuja. Alitaka wafike Mashhad kabla ya zamu hiyo. Alitaka amketishe mume wake mbele ya lile kuba, na mume wake ajue aliyeketi naye ni nani. Mengine yote angesamehe.

Daktari alikuwa amesema moyo ule hautaki joto. Ndiyo maana Kokab akakata tiketi za treni mpya, ile yenye kiyoyozi, iliyotangazwa stesheni kwa picha ya mama na mtoto wamejifunika blanketi katikati ya kiangazi. Walipoingia alitazama kila kitu kwa jicho la mke wa mhudumu. Dirisha lilikuwa kioo kimoja kikubwa kisicho na kishikio. Choo hakina ndoo wala mnyororo, kuna kitufe. Bomba la maji unalionyesha kiganja ndipo litoe. Mlango wa behewa hadi behewa unabonyezwa. Kila kitanda kina televisheni yake ndogo.

"Dirisha linafunguliwa wapi?" akamuuliza mhudumu, kijana mmoja nadhifu aitwaye Peyman.

"Halifunguki, bibi. Hewa inatoka juu. Usiku utaniomba blanketi la pili."

"Na umeme ukikatika?"

"Haukatiki, bibi yangu. Behewa zima la nyuma ni jenereta."

"Nimezaa watoto sita na kila mkunga aliniambia haitauma," Kokab akasema.

Aliyecheka ni Bi Effat, mjane wa Dezful waliyepangiwa chumba kimoja. Dezful na Andimeshk ni miji jirani, pua na mdomo, na hawawezi kukutana bila kutaniana. "Watu wa Andimeshk mkizaliwa hamlii," alisema, "mnapiga honi." Kokab akamjibu kwamba honi ni afadhali kuliko domo la Dezful, na kutoka hapo wakawa marafiki, wakala mbegu za alizeti na kusengenya wakwe zao nusu ya usiku.

Shida ilikuwa Mashdi. Peyman alipoleta chai, mzee aliinuka kupokea sinia ili akaigawe. Shuka la Bi Effat lilipoteleza, alitaka kulitandika upya. Kila mara Kokab alimvuta kwa upole. "Kaa chini. Leo wewe ni abiria." Akakaa, akanywa chai ya kuletewa, na usiku akasema, "Kokab, chai yao haina rangi," na Kokab akaona dunia bado iko mahali pake.

Kesho yake adhuhuri ilikuwa imekaribia. Watu walikuwa wamekwisha kutoa mikeka na vijiwe vyao vya udongo vya kusujudia, wakingoja stesheni ya swala kabla ya mji wa Semnan. Hapo taa zikazimika. Sauti ya hewa juu ya vichwa vyao ikashuka, ikakatika. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya chumvi na mawe, mahali pasipo hata mbuzi.

Jenereta ilikuwa imeungua. Moto ulizimwa upesi na injini yenyewe ilikuwa nzima, ingeweza kuwavuta hadi stesheni bila taa wala kiyoyozi. Lakini amri ikaja kwa redio kwamba treni isisogee mpaka fundi atoke Semnan aje akague nyaya. Zile betri zilizofungwa chini ya behewa kwa ajili ya siku kama ile zilitoa mwanga mwekundu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, zikalala. Vipaza sauti vikafa, kwa hiyo hakuna aliyetangaziwa kitu. Vyoo vikakataa kumeza. Bomba la maji ukilionyesha kiganja, lilikutazama tu. Samawari ya umeme ya chai ikapoa. Mlango wa behewa la pili ukakwama nusu, na mtu mnene wa Ahvaz aliyejaribu kupita akakwama nao mpaka akasukumwa kwa nyuma.

Watu wakavuta mapazia kuzuia jua, wakaketi gizani wakijipepea. Muda kidogo tu ndani mkawa tanuri. Hewa ilinuka choo na jasho la watoto. Mashdi alikaa kimya, mkono kifuani, midomo imeanza kuwa ya kijivu, na maji yao yalikuwa yamebaki kidogo tu kitakoni mwa chupa.

Kokab akatoka ujiani. Palikuwa na kisanduku ukutani chenye picha ya nyundo ya kuvunjia kioo. Nyundo haikuwamo.

"Iko wapi?" akamuuliza Peyman.

"Zinafungiwa ofisini, bibi. Watu walikuwa wanaziiba."

Kokab akachukua chupa yake ya chuma ya chai, akarudi chumbani, akaligonga dirisha kwa nguvu zake zote. Chupa ikabonyea. Kioo hakikupata hata alama. Akaipiga tena, na tena, huku akimtukana aliyekichora kioo kile, na mwalimu aliyemfundisha kuchora, mpaka Bi Effat akamshika mkono akamwambia utajiumiza, dada.

Ndipo mkuu wa treni akapita, Bwana Sotudeh, koti limefungwa vifungo vyote, uso unatiririka. Kokab akamzibia njia.

"Fungua milango."

"Haiwezekani, mama. Hapo nje kuna reli ya pili, treni zinapita kwa kasi. Mtu akigongwa nitajibu mimi."

"Na mtu akifia humu ndani atajibu nani?"

"Hafi mtu. Fundi yuko njiani. Ni subira tu."

"Subira ninayo, kaka, hewa ndiyo sina. Mume wangu ana moyo mbovu. Fungua mlango mmoja, upande wa jangwa, nimketishe ngazini. Sikuombi Mashhad, nakuomba ngazi."

"Nikifungulia mmoja watashuka wote. Sheria ni sheria. Milango inafunguliwa stesheni na kwenye swala, basi."

"Mmetengeneza tanuri mkalitia vitanda," Kokab akasema. "Mkatuuzia. Mkaficha nyundo. Betri zenu zina moyo mdogo kuliko wa mgonjwa wangu. Treni za mume wangu zilikuwa chakavu, zina kunguni, lakini ukivuta dirisha linashuka, na tangi la maji liko juu ya paa, maji yanateremka yenyewe bila kumwomba mtu umeme. Nyinyi mmeondoa kila kitu ambacho mkono wa mtu unaweza kukifungua. Na wewe umesimama hapa na vifungo vyako unanifundisha subira."

Bwana Sotudeh alisema anaelewa uchungu wake. Kokab akamwambia hajui lolote kuhusu uchungu wake, na kama angekuwa mwanawe angemnyima chakula. Mkuu wa treni akajipenyeza akaenda zake, na Peyman akatazama viatu vyake. Kokab alibaki pale ujiani, kupigana alikuwa amepigana na mkono umerudi mtupu.

Nyuma yake akasikia chuma kinagonga mlango. Ko, ko, ko.

Mashdi alikuwa amesimama. Treni imetulia, saa ni ya adhuhuri, na mwili wake ulijua maana ya mambo mawili hayo hata kama kichwa kilikuwa kimesahau mengine yote. Kwa mkono mmoja aliegemea ukuta, kwa mkono wa pili aliushika ufunguo wake wa pembe nne. Sauti ilianza ya kukwaruza, kisha ikapata njia yake ya zamani.

"Swala jamani, swala. Viatu mguuni, watoto mkononi. Msikimbie, treni itangoja."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Kokab, aliyokwisha kuyasema alfajiri nyingi. Kaa chini, Mashdi. Alifungua kinywa ayaseme. Akamwona Peyman anamtazama, akaiona ile midomo ya kijivu, akakifunga kinywa chake. Mara moja maishani Kokab wa Andimeshk alinyamaza, na alinyamaza kwa makusudi.

Milango ya vyumba ikafunguka. Watu walikuwa wamelewa joto, mapazia yamefungwa, na tangu asubuhi walikuwa wakiingoja swala. Nani angesimama kuuliza? Wakatoka na mikeka yao.

"Tumefika stesheni?" Bi Effat peke yake akauliza.

"Mashdi hajawahi kuita swala kwa makosa," Kokab akasema, na ndani ya treni hilo lilikuwa kweli mpaka siku ile.

Mzee alifika mwisho wa behewa. Hakuuendea mlango wa upande wa reli ya pili, aliuendea wa upande wa jangwa, akatia ufunguo, akazungusha, akauvuta mlango kwa bega lake bovu. Peyman alinyoosha mkono kumzuia, kisha akautumia mkono huo huo kumsaidia kuvuta. Hewa ya jangwa ikaingia. Nayo ilikuwa ya moto, lakini ilikuwa inatembea. Wakashuka mmoja mmoja, Mashdi akiwashika vikongwe viwiko, "taratibu mama, kokoto hizo," na Kokab aliposikia pumzi za watoto zinarudi alilia kwa hasira, akajifuta kwa ncha ya chadori yake kabla Bi Effat hajaona.

Hapakuwa na stesheni, wala msikiti, wala bomba. Palikuwa na kivuli cha behewa na mavumbi safi. Wakatazamana. Mtu wa Ahvaz akasema, "Basi tutayamamu," na likaisha hilo. Wakapiga viganja vyao mavumbini, wakajipangusa, wakapanga safu kivulini. Waliokuwa katika mabehewa mengine wakaona madirishani, wakawasumbua wahudumu wao mpaka milango nayo ikafunguka. Upande wa pili treni ya mizigo ikapita ikipiga honi ndefu, mabehewa yote yakatikisika, na hakuna aliyekuwa upande huo.

Bwana Sotudeh alikuja mbio, akakuta migongo. Kwetu hukatizi watu kwenye swala, hata kama nyumba inaungua unaanza kwa kukohoa. Akakohoa. Walipotoa salamu akapaza sauti. "Nani amewaita? Hapa si stesheni. Haya, pandeni."

"Tumeswali adhuhuri," Kokab akasema. "Bado alasiri."

Wakaswali alasiri, rakaa mbili za msafiri. Akangoja. "Sasa pandeni."

"Mimi nina kadha, swala za kulipa," Bi Effat akasema. "Tangu nilipoolewa. Mwanamume yule hakuniachia nafasi ya kuswali."

"Mimi tangu jeshini," akasema mtu wa Ahvaz.

"Bwana mkubwa," Kokab akamwambia, "ulitamka mwenyewe kwa kinywa chako, milango ni ya stesheni na swala. Nionyeshe hapa mtu mmoja asiye na deni la swala, huyo mpandishe kwenye tanuri lako." Safu ikasimama upya. Wengine walikuwa na kadha za kweli, na wengine, Mungu anisamehe, walikuwa na kadha za kukaa kivulini.

"Huyu mzee nitamkabidhi polisi Semnan," Bwana Sotudeh akasema, lakini alikuwa amechoka. "Ameshusha treni nzima."

"Mkabidhi," Kokab akasema. "Na mimi nitapanda meza ya huyo polisi nimsimulie habari ya betri zako, na nyundo zako, na mabomba yako yanayotaka kuonyeshwa viganja. Nitaanza asubuhi, jioni sitakuwa nimemaliza. Muulize yeyote Andimeshk."

Mkuu wa treni akatazama zile safu. Akafungua koti, akaketi kwenye ngazi ya behewa lake mwenyewe, akajipepea kwa kofia. Mpaka injini nyingine ilipoonekana kutoka Semnan ikivuta jenereta, waliokuwa jangwani wale walikuwa wamelipa madeni ya miaka.

Mashdi wakati wote huo hakuswali wala hakuketi. Alisimama wima kando ya mlango, ufunguo mkononi, akihesabu vichwa kwa macho. Rangi ilikuwa imerudi midomoni. Kokab akamletea maji ya mwisho ya chupa, akanywa, akamrudishia chupa kwa mikono miwili.

"Njoo kivulini sasa," Kokab akasema. "Kaa chini, Mashdi. Leo wewe ni abiria."

Mzee akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la adabu, ambalo Kokab hakulijua, kwa sababu yeye hakuwahi kuwa abiria wake. "Kivuli ni cha abiria, mama. Mimi niko zamu."

Kokab akasimama na ile chupa. Alijua ile foleni ya waliosahauliwa imefika kwake. Imemfikia juu ya kokoto, safari ya saa chache kutoka kwenye kuba lile, na alimchukia kila aliyekiweka kile kioo na kila aliyeziacha zile betri zife, aliwachukia kwa majina asiyoyajua. Alitaka kumshika mzee mabegani amtikise, amwambie ni mimi, Kokab, chai yao haina rangi, ulisema jana. Injini ikapiga honi. Watu wakaanza kukunja mikeka.

"Haya mama, panda, panda," Mashdi akasema. "Umesafiri na nani?"

"Na mume wangu."

"Yuko wapi? Simwoni. Mwite, asije akaachwa hapa."

Kokab akamtazama alivyosimama, mgongo umenyooka kama siku za ujana, bwana harusi wa treni ile.

"Hatakuja sasa hivi," akasema. "Yuko kazini."

"Mungu ampe nguvu," Mashdi akasema, akamshika kiwiko asiteleze ngazini.